Shangazi, mume wangu ametolewa karantini lakini hataki turudi kwake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Ninakuandikia kutoka Kibosho, nyumbani kwa wazazi wangu, ambako sikupanga kuwa. Kwetu mimi na mume wangu ni Arusha, tumepanga vyumba viwili karibu na maghala. Mume wangu ni mtunza stoo kwenye ghala la dawa za kilimo, hizi za kupulizia nyanya, vitunguu na kahawa. Tuliipenda ile nyumba kwa sababu alikuwa anakwenda kazini kwa miguu na mchana anarudi kula.

Usiku ghala lilipoungua alikuwa amebaki kupokea mzigo uliochelewa kutoka Dar. Yeye na vijana wa kupakua wakaanza kutoa madumu nje, mengine yakawa yamepasuka, dawa ikawamwagikia. Mimi nilikuwa nimelala. Nikasikia dirisha linagongwa, kufungua ni yeye, anakohoa na macho yanamtoka machozi. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba. Akavua jaketi lake akamfunga nalo mtoto wetu mdogo, akasema nendeni barabara kuu, msichukue kitu chochote. Yeye akarudi kwenye moto.

Jirani mwenye Noah alitubeba. Kulipokucha mtaa ulikuwa umezungushiwa utepe na polisi hawakuruhusu mtu kuingia hata kuchukua nepi. Mume wangu na wenzake walipelekwa hospitali, wakavuliwa nguo zote, wakaogeshwa, wakachomwa sindano, kisha wakawekwa sehemu moja chini ya uangalizi. Nilikwenda nikamwona kupitia wavu wa uzio, amevaa suruali ya kuazimwa iliyomwishia juu ya vifundo. Mlinzi alitukataza kugusana. Baada ya hapo nikaletwa huku Kibosho na watoto.

Mwanzoni tulikuwa tunaongea kwa video kila usiku mpaka bando liishe. Anauliza mtoto anahema vizuri? Ananyonya? Halafu anauliza lile jaketi uliliweka wapi. Nilidhani analihitaji, nikamwambia usijali lipo. Akauliza tena siku nyingine. Alipouliza tena nikamwambia ukweli, kwamba nalala nalo, maana lina harufu yake, na mtoto nikimfunika nalo anapata usingizi haraka. Akakaa kimya, akasema mtandao unakata. Tangu usiku ule hapigi tena video. Nikipiga mimi anapokea kwa sauti tu, maneno mawili matatu, basi.

Sasa ameruhusiwa. Sehemu tunayoishi bado imefungwa, kwa hiyo amejishikiza kwa mfanyakazi mwenzake. Nikimwambia nakuja anasema baki huko, usilete watoto, mimi siko sawa. Amekuwa mkali, na hakuwa mtu wa kupayuka. Mwenzake ameniambia kwa siri kwamba usiku halali, anasahau vitu, na analalamika ganzi kwenye vidole vya miguu.

Mama yangu anasema sumu ikishaingia mwilini haitoki, akituletea huku itawapata watoto. Kaka yangu anasema nisijidanganye, mwanamume anayekataa mkewe asije ana mtu mwingine. Mama mkwe naye ananipigia kutoka Usa River, anasema nimemtupa mwanawe wakati wa shida. Shangazi, nimechoka kusikiliza watu. Je, kweli anaweza kutuambukiza? Je, ana mtu? Niende au nisubiri?

Mama wa wawili, Kibosho, Moshi

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na poleni nyote.

Kabla hujaendelea kusoma, litoe hilo jaketi kitandani. Sasa hivi. Vaa glavu, na kama huna funga mikono kwa mifuko miwili ya plastiki. Liingize jaketi kwenye mfuko usiovuja, funga, tia ndani ya mfuko wa pili, funga tena, kisha liweke nje mahali ambapo watoto, kuku na mbwa hawafiki. Usilichome, kwa sababu moshi wake utabeba kilekile kilichokukimbiza Arusha. Usilitupe kwenye migomba wala kwenye mfereji wa maji, maana maji hayo yanateremka kwenda kwa wengine. Mpigie afisa afya wa kata, mweleze lilikotoka, akuelekeze pa kulipeleka. Shuka, foronya na blanketi mlizolalia nalo zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto, na beseni lisuuzwe vizuri baadaye. Wewe na mtoto mwoge kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia.

Halafu kesho asubuhi mpeleke mtoto hospitali, KCMC au Mawenzi, popote unapofika upesi, nawe upimwe. Usimwambie daktari kwamba mtoto hana raha, kwa maneno ya jumla hivyo. Mwambie: huyu mtoto alifungwa kwenye nguo iliyomwagikiwa dawa ya kuua wadudu, na tumeendelea kuitumia kwa wiki kadhaa. Kama mume wako anajua jina la dawa zilizokuwa kwenye yale madumu, yaandike kwenye karatasi uende nayo. Kwa dawa nyingi za jamii hiyo kuna kipimo cha damu kinachoangalia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho ndicho dawa hizo hukikaba. Mtoto aliyeathirika sana angetokwa na mate na jasho jingi, angetapika, kuharisha, kulegea au kuhema kwa shida, na kwa kawaida hayo hutokea mapema, ndani ya saa chache. Ukiona lolote kati ya hayo hata usiku wa leo, usisubiri asubuhi. Wewe hukuandika kwamba umeyaona, na hilo linanipa moyo. Lakini kugusana na nguo kidogo kidogo kila usiku ni jambo la kupimwa, halikisiwi kwa macho. Na kunyonyesha usikuache kwa uamuzi wako au wa jirani. Muulize daktari huyohuyo.

Sijakuandikia haya ili nikutie hatia. Hakuna aliyekueleza. Ulichukua nguo ya mume wako kwa mapenzi, na mke yeyote aliyetenganishwa na mwenzake kwa wavu wa uzio angeishika hiyohiyo.

Sasa rudi kwenye barua yako uisome upya. Mume wako alikuuliza habari za jaketi mara moja, akauliza tena, na tena. Ulipomwambia kwamba linamfunika mtoto, akanyamaza, na tangu usiku ule hataki mtazamane. Mwanangu, siwezi kuona moyo wa mtu nikiwa mbali, ila ninavyosoma mimi, huyu mtu huko alikotengwa aliambiwa jambo ambalo wewe hukuambiwa. Alivuliwa nguo zote mbele ya watu, akaona zinavyofungwa na kupelekwa mbali, akaelezwa kwamba sumu inakaa kwenye kitambaa. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba jaketi lake alimfunga nalo mwanawe kwa mikono yake mwenyewe. Akakosa namna ya kukuambia. Anauliza liko wapi akitumaini utasema ulilitupa, na wewe unamjibu usijali, lipo.

Anaposema "siko sawa, usilete watoto", mimi ninamsikia baba anayeogopa kwamba ameshamdhuru mwanawe na anaona salama yenu ni kukaa mbali naye. Kaka yako amesikia mwanamke mwingine. Katika yote uliyoniandikia sijakuta hata dalili moja ya mwanamke mwingine. Mwambie kaka yako, kwa heshima, kwamba jambo hili mnalishughulikia wenyewe.

Nije kwenye swali la mama yako, ambalo ni la haki. Hawa wenzetu wa Kagera walipopata Marburg mwaka 2023, na tena mapema mwaka 2025, aliyemgusa mgonjwa alifuatiliwa kwa siku 21 kwa sababu kirusi huhama kutoka mtu hadi mtu na kuzaana ndani ya mwili mpya. Neno karantini kwetu limeshikamana na magonjwa ya namna hiyo, ndiyo maana mama anaogopa. Dawa ya kilimo haizaani. Inaweza kumfikia mtu wa pili ikiwa bado ipo juu ya wa kwanza, yaani kwenye nguo, nywele, kucha, au kwenye matapishi yake siku ile ya ajali. Mume wako alivuliwa, akaogeshwa, akabadilishwa nguo. Baada ya hapo kumgusa, kula naye, kulala naye kitanda kimoja, hakuwapi sumu wewe wala watoto. Kilichobaki ndani ya mwili wake ni madhara yake yeye, hakitoki kwa kukumbatiwa. Mweleze mama hivyo kwa utulivu. Akitaka kuhakikisha, nenda naye hospitali amsikie daktari mwenyewe, kwani mama zetu wengi huamini koti jeupe kuliko mtoto waliyemzaa.

Kuna vitu viwili ambavyo ningependa uangalie, kwa sababu wengi husahau. Viatu vya ngozi na mkanda. Nguo ya pamba inaweza kufuliwa ikatakata kama haikulowa sana, lakini ngozi hufyonza dawa na haisafishiki. Kama usiku ule alivaa buti za ngozi au mkanda na akarudishiwa, viondoke. Muulize. Watu hutupa shati wakabaki na mkanda kiunoni.

Kwa nini basi walimzuia muda wote ule kama haambukizi? Kwa ajili yake yeye. Kama dawa zile zilikuwa za jamii ya organofosfeti, yaani dawa za kuua wadudu zinazokaba kile kimeng'enya nilichokitaja, na maelezo yako ya machozi, kikohozi na sindano yanaelekea huko, madaktari humpa mtu atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo, anapata nafuu, halafu kati ya siku ya kwanza na ya nne misuli ya shingo na ya kuhema inaweza kulegea ghafla. Mtu aliyeonekana amepona akirudishwa nyumbani anaweza kufia huko. Zaidi ya hapo, baadhi ya dawa hizi huumiza mishipa ya fahamu wiki moja hadi tatu baadaye, na madhara huanzia miguuni: ganzi, kuchoma, kisha udhaifu.

Hapo ndipo ninapotaka usimame. Ganzi ya vidole vya miguu ambayo mwenzake amekunong'oneza si jambo la siri. Arudi hospitali wiki hii, aseme ganzi ilianza lini na inapanda hadi wapi. Kutolewa karantini maana yake hatari ya ghafla imepita. Haina maana kwamba amepona. Kolinesterasi hujirudisha polepole, inaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi, na katika kipindi hicho hapaswi kugusa tena dawa hizo, hata kama tajiri wake anamwita akasaidie kusafisha ghala. Usahaulifu, kukosa usingizi, hasira za karibu, huzuni isiyoelezeka, vyote hivyo vimeonekana kwa watu waliopata sumu hii. Changanya na mtu aliyeona moto ule kwa macho yake. Ukali unaousikia kwenye simu unaweza kuwa sehemu ya ugonjwa, na ugonjwa una daktari. Nakuomba usiupokee kama hukumu juu ya ndoa yako. Ila nikuambie na hili: ugonjwa haumpi mtu ruhusa ya kukupiga wala kuwatisha watoto. Hujaniandikia jambo kama hilo. Likitokea, utoke, kisha utafute msaada.

Hofu ya watu huendelea hata pale hatari ilipokwisha. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, mashine ya matibabu iliyotelekezwa ilivunjwa na watu wa vyuma chakavu, ndani yake mlikuwa na madini ya mionzi, sesiamu-137. Ile ni hatari nyingine kabisa, wala usiifananishe na ya mume wako. Ninakumbuka kilichofuata. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa uwanja wa mpira, wakakutwa 249 wenye uchafuzi. Hao maelfu waliobaki walikuwa salama, lakini wakazi wa mji ule walikataliwa hotelini katika miji mingine kwa sababu tu ya walikotoka, hadi serikali ikaanza kuwaandikia vyeti vya kuthibitisha kuwa ni wasafi. Hata mazishi ya mtoto mdogo aliyekufa kwa mionzi ile yalikutana na watu wenye mawe. Mume wako hajapigwa mawe na mtu. Lakini kama amehisi, hata kwa kusikia sauti ya nyuma kwenye simu yako, kwamba huko Kibosho watu wanajadili kama ana sumu, unaelewa kwa nini hataki kuonyesha uso.

Kwa hiyo nenda. Ukishapata majibu ya hospitali ya mtoto, waache watoto kwa mama, kamua maziwa ya kutosha kama daktari ameruhusu, panda Coaster ya asubuhi. Moshi na Arusha ni kilomita kama 80, utafika kabla ya saa nne. Watoto wabaki safari hii ya kwanza, si kwa sababu atawadhuru, bali ninyi wawili mnahitaji kuzungumza bila yeye kukimbiza macho kwa mtoto kila akikohoa. Usimwombe ruhusa ya kuja, mjulishe tu kwamba uko njiani. Na ukifika, kabla ya maji ya kunywa, kabla ya habari za nyumbani, mwambie majibu ya mtoto. "Jaketi nimeliondoa. Mtoto amepimwa. Daktari amesema hivi." Hata kama majibu si mazuri yote, mwambie yalivyo, kwa sababu anayowaza usiku ni mabaya zaidi. Kisha mshike mkono. Alikatazwa mbele yako kwenye ule wavu, na hakuna aliyekuja baadaye kumwambia kwamba katazo limekwisha.

Akilia, mwache. Akikasirika kwamba umekuja, kaa. Mpelekee chakula cha nyumbani, mbebee mtori wa mama kwenye hotipoti, maana huyo anayelala kwa mwenzake sidhani kama anakula vizuri. Yakitulia, mwombe karatasi zake za hospitali mzisome pamoja, na mpange siku ya kurudi kliniki. Uende naye uingie ndani. Mtu anayesahau vitu hatakumbuka kumwambia daktari kila kitu.

Kwenye nyumba yenu msirudi bado, hata mwenye nyumba akisema pako shwari. Subirini serikali itamke kwamba eneo ni salama, baada ya vipimo vya wataalamu wa Mkemia Mkuu wa Serikali na wa mamlaka ya viuatilifu, mamlaka ambayo makao yake yapo hapohapo Arusha, Ngaramtoni. Watu huona utepe umeondolewa wakadhani ni moto tu ulikuwa unazuiwa. Moto wa dawa unaacha maji. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali liliungua Schweizerhalle, karibu na Basel, Uswisi. Moto ulizimwa siku hiyohiyo, lakini maji ya zimamoto yalisomba dawa za kilimo hadi mto Rhine, mto ukageuka mwekundu, na samaki aina ya mkunga wakafa mbali sana chini ya mto. Kwa hiyo uliza maji yaliyozima ghala lile yaliteremkia wapi, na mchicha wa bondeni kwenu msiule mpaka muambiwe. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, hakuondoi dawa. Mkisharuhusiwa, unga, mchele na kila chakula kilichokuwa wazi vitupwe, pamoja na chupa na midoli ya mtoto. Vumbi mlifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni, msifagie kavu.

Mama mkwe mpigie wewe kabla hajapiga yeye. Mweleze kwamba mwanawe ana ganzi miguuni na unakwenda kumpeleka hospitali. Mama anayelaumu hivyo mara nyingi anaomba apewe kazi ya kufanya. Mpe: Usa River ni karibu na Arusha, anaweza kumpokea mwanawe kwa siku kadhaa akalala kwa utulivu, na pengine hapo ndipo mtakapokutana wote wanne kwa mara ya kwanza, kwenye uwanja ambao hauna harufu ya ghala.

Mwisho, habari ya kazi. Mume wako aliumia akiwa kazini, na sheria inamtambua. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye anayechangia, hakatwi mfanyakazi, na unagharamia matibabu na kulipa fidia ya ulemavu uletwao na ajali au ugonjwa wa kazini. Mwajiri ana wajibu wa kutoa taarifa ya ajali. Muulizeni kwa maandishi kama ametoa, na mkaulize wenyewe ofisi za WCF. Tunzeni kila karatasi: ya kupokelewa, ya vipimo, ya kuruhusiwa, na jina la kila dawa iliyokuwemo stoo, ambayo yeye kama mtunza stoo anaijua kuliko mtu yeyote. Vijana wa kupakua waliokuwa naye, ambao pengine ni vibarua wasio na mkataba, awaambie na wao waende. Afanye hivyo sasa, wakati wenzake bado wako mjini na wanapatikana kwa simu.

Shangazi